Video ya Kupamba Imevuja: Nimshtaki Mtoto wa Wifi Yangu?

BARUA

Assalamu alaykum, Bi Mshauri.

Mimi ni mkazi wa mtaa wa Mkomani, Lamu, na mwezi uliopita nilimwoza binti yangu mkubwa. Nikaha ilipita salama. Usiku wa kupamba, yaani wa kumtazama bibi arusi aliyepambwa, tulikuwa wanawake watupu katika ukumbi tuliokodi, jamaa wametoka Shela, Matondoni, Faza na hata Mombasa. Kadi ya mwaliko ilieleza wazi kwamba simu na kamera haziruhusiwi, na mlangoni tuliweka mabinti wawili na kikapu. Kila aliyeingia alitoa simu yake, ikatiwa katika bahasha iliyoandikwa jina lake. Kazi ya picha tulimwachia mwanamke mmoja tuliyemlipa, ili bibi arusi awe na kumbukumbu yake.

Mtoto wa wifi yangu, msichana wa miaka 17 aliye kidato cha nne, alitoa simu moja mlangoni na nyingine akaificha ndani ya buibui. Alimrekodi binti yangu ameketi jukwaani kichwa wazi, nywele zimepambwa asmini, mikono imejaa hina hadi viwikoni, kisha akamrekodi alipoinuka kucheza na shangazi zake. Video yenyewe haifiki dakika moja. Usiku uleule aliiweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp. Kufikia adhuhuri ya siku ya pili ilikuwa imeingia katika kundi la wasichana wa shule, halafu kundi la mtaa ambalo lina wanaume, na baada ya siku chache duka moja linalokodisha nguo za arusi likaitia wimbo na kuiweka kwenye ukurasa wake wa TikTok, likitangaza magauni yake. Gauni la binti yangu wala halikutoka kwao.

Shemeji wa binti yangu anafanya kazi Jeddah. Ilimfikia huko, akampigia simu ndugu yake. Mkwe wangu hakumtukana mkewe, lakini alimwambia kwamba mwanamke mwenye haya hachezi mbele ya kamera. Binti yangu hakujua kabisa kuwa kuna kamera nyingine humo ndani. Tangu siku hiyo hatoki, hata kwa jirani haendi, na chakula anakila kwa kubembelezwa.

Wifi yangu anasema hayo ni mambo ya watoto wa siku hizi, nisiyakuze. Kaka yangu anataka tuende polisi. Bwana wangu ameapa kuwanyang'anya simu mabinti wote wa nyumbani, pamoja na mdogo wao wa kidato cha tatu ambaye walimu wake humtumia mazoezi kwa simu. Nami, nikisema kweli ya moyo wangu, sitaki tena kukanyaga kwa wifi yangu. Je, nimshtaki mtoto huyu? Na video hii inaweza kutolewa, au ndiyo maji yamekwisha kumwagika?

Mama Bibi Arusi,
Mkomani, Lamu.

JAWABU

Waalaykumu salaam, dada yangu. Pole sana, na pole kubwa zaidi nampa binti yako, kwa sababu katika barua yako kila mtu ana la kusema isipokuwa yeye. Wifi amesema, kaka amesema, bwana amesema, mkwe amesema, na shemeji aliye ng'ambo amesema. Aliyechukuliwa picha bila kujua ndiye pekee ambaye neno lake sikulisoma. Kwa hiyo, kabla ya kuamua lolote kati ya haya ninayokuandikia, kaa naye na umuulize anataka nini kifanyike, kwa kuwa uso ni wake, nywele ni zake, na yeye ndiye atakayeishi na matokeo ya uamuzi mtakaoufanya.

La haraka kuliko yote ni ndoa yake, na hapo nasema bila kusita kwamba mkwe wako amemwelekezea lawama asiyestahili. Binti yako alicheza mahali ambapo ada na dini zinamruhusu kucheza, mbele ya wanawake wenzake, katika ukumbi uliokuwa na walinzi mlangoni kwa ajili ya kumlinda. Hakukosa haya, walioivunja sitara yake ndio waliozikosa. Maneno haya usiende kumwambia wewe, maana mavyaa akimkabili mkwe katika jambo kama hili, mara nyingi huonekana anamtetea mwanawe tu. Mtume mjomba wa bibi arusi, au mzee mwingine ambaye kijana anamheshimu, amweleze habari ya kadi, ya kikapu na ya simu ya pili iliyofichwa, kisha amkumbushe kwamba mume ni stara ya mkewe, na kwamba siku kama hii ndiyo inayomtaka asimame mbele yake. Amuulize pia, kwa upole, kama ndugu yake wa Jeddah ameifuta video ile au bado anayo kwenye simu. Mtu anayekasirika kwa ajili ya heshima ya shemeji yake hana sababu ya kuihifadhi picha yake.

Kwa upande wa binti, mtafute somo wake. Yeye ndiye aliyemkalisha ndani na kumfunda, na yapo maneno ambayo bibi arusi hawezi kumwambia mama yake lakini humwambia somo wake.

Sasa nikujibu kuhusu kutolewa kwa video. Inaweza kutolewa katika baadhi ya mahali, na katika mahali pengine haiwezi, na ni vizuri uujue mpaka huo ili usihangaike bure. Stetasi ya WhatsApp hutoweka yenyewe baada ya saa 24, na nadhani ndiyo sababu vijana huiona kuwa kitu chepesi. Lakini kabla ya saa hizo kwisha, yeyote anayeitazama anaweza kurekodi kioo cha simu yake na kubaki na nakala ambayo mwenye stetasi haijui. Isitoshe, kama mtu hakubadilisha mpangilio wa simu, stetasi huonekana na karibu kila mtu ambaye wamehifadhiana namba. Mtoto wa wifi yako huenda alikuwa na marafiki zake wachache wa shule akilini, ilhali katika simu yake zimo namba za kaka za marafiki hao, za mwalimu, za fundi, na za mwenye boti aliyempeleka Mokowe mara moja tu.

Baada ya kuingia katika makundi, mambo yanakuwa magumu zaidi. Tangu mwaka 2016 ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa namna ambayo anayetuma na anayepokea ndio wanaoweza kuusoma, na kampuni yenyewe haiwezi kuingia katika simu za watu ikaondoa video. Aliyetuma hupewa muda wa siku mbili na saa chache tu wa kuifuta kwa wote, na muda huo kwenu umepita kitambo. Hata angeifuta kwa wakati, nakala zilizohifadhiwa kwenye albamu za simu za watu zisingefutika, na simu nyingi huhifadhi zenyewe picha na video zote zinazoingia bila mwenye simu kubonyeza kitu. Kwa hiyo iliyobaki ni njia ya kuomba mtu mmoja mmoja. Viongozi wa makundi hayo mawili waandike tangazo fupi, bila kutaja jina la bibi arusi na bila kuituma tena video, wakiwataka wanachama waifute kwenye mazungumzo, kwenye albamu, na kwenye hifadhi ya Google Photos kwa wanaoitumia. Watakaotii hawatakuwa wote. Watakuwa wengi kuliko unavyodhani, kwa maana Lamu watu bado huona aibu wanapoombwa jambo la sitara kwa jina la Mungu.

Ule ukurasa wa duka ni habari nyingine kabisa, na hapo usibembeleze. Kabla ya kumwandikia mwenye duka, piga picha ya ukurasa huo kwenye kioo cha simu, ionyeshe jina la akaunti, tarehe na maneno ya tangazo, kisha unakili kiungo chake, kwa sababu akishajua mnalalamika anaweza kuifuta na ushahidi ukapotea. Halafu binti yako mwenyewe atumie kitufe cha kuripoti kilichomo ndani ya TikTok na achague sababu ya faragha. Ombi la mwenye picha lina uzito kuliko la jamaa yake. Ndipo mwenye duka aandikiwe, kwa maandishi na kwa heshima, kwamba aiondoe.

Akikataa au akinyamaza, sheria iko upande wenu. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, na imetaja waziwazi mambo ya familia na ya binafsi yasifichuliwe pasipo haja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imekwenda mbali zaidi: inakataza kutumia data ya mtu kwa biashara bila idhini yake, na picha ya uso ni data yake. Malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa maandishi au hata kwa mdomo, na yanaweza kutumwa kwa mtandao bila kupanda basi la Mombasa. Sheria inaitaka ofisi hiyo iyachunguze na kuyamaliza ndani ya siku 90, na aliyedhurika anaweza kudai fidia. Usidhani ni maneno ya karatasini tu. Mwaka 2023 ofisi hiyo iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi, na ukumbi mmoja wa starehe ukatozwa shilingi 1,850,000 kwa kuitumia picha ya mteja wake pasipo idhini. Duka lililomfanya binti yako tangazo bila kumuuliza limefanya jambo la namna hiyohiyo.

Ila sheria hiyohiyo imeyaacha nje matumizi ya mtu binafsi na ya nyumbani, nami naona walioitunga walifanya vyema. Haikukusudiwa kumfikisha msichana wa miaka 17 mbele ya maofisa kwa kosa alilofanya arusini kwa binamu yake. Kaka yako ana uchungu na ninamwelewa, lakini mtoto akipelekwa polisi, kesho mji mzima utataka kujua kesi inahusu nini, na wote ambao hawakuiona video wataitafuta. Mtakuwa mmeitangaza nyinyi wenyewe.

Nataka nikae kidogo kwenye kauli ya wifi yako, kwa sababu naisikia kila mahali na inanisikitisha. "Mambo ya watoto wa siku hizi." Waliojenga nyumba za mawe hapo Mkomani waliifikiria sitara kabla ya kupanga jiwe. Mgeni wa kiume aliishia dakani, yaani kwenye ukumbi wa mlango wa nje, akakaa kwenye baraza ya mawe. Akikaribishwa alipita tekani, yaani kwenye kiingilio cha ndani ya mlango, na njia ikapindishwa makusudi ili mlango ukiwa wazi, anayepita nje asione kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani. Kuna nyumba zilizounganishwa kwa wikio, chumba kinachopita juu ya njia, ili wanawake watoke nyumba moja kwenda ya pili wasishuke barabarani. Mji huu ulipotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, nyumba hizo zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoupa sifa. Tunawatembeza wageni kuziona, tunawaeleza habari ya daka na ya wikio, na wakiinua kamera kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji, tunawaambia waombe ruhusa kwanza, hasa kwa wanawake. Mgeni huomba. Je, sisi wenyewe tunaomba?

Tazama stetasi za watu wazima, dada yangu, si za watoto. Utamwona mgonjwa amelala hospitali na mipira puani, amepigwa picha na jamaa aliyekwenda kumjulia hali, na chini yake ameandika "tumuombee dua." Utaona jeneza, utaona mama mzazi aliyejifungua jana na kichanga chake, utaona mtoto wa miaka mitatu akioga. Nani aliyeulizwa kati ya hao? Msichana wa miaka 17 amekua akiyaona haya kwa mama zake na shangazi zake, na hakuna aliyemwambia kwamba ruhusa huombwa kwa anayepigwa picha, wala haitoki kwa mwenye simu. Hata katika kundi la mtaa, video ya binti yako haikupitishwa na watoto peke yao. Walikuwamo watu wazima walioitazama mpaka mwisho, wakasema "astaghfirullah," kisha wakaituma mbele. Kosa la mtoto ni kosa, na lazima alijibu. La kwao sioni udhuru wake.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo umelipita kwa sentensi moja, nami limenishtua kuliko simu iliyofichwa. Mlimlipa mpiga picha. Picha alizonazo yeye ni za saa nyingi, ni safi, na wamo wanawake wote waliokuja wakiwa wamevua mabuibui yao, wakiamini kwamba kikapu cha mlangoni kimewalinda. Ziko wapi sasa? Je, anazihariri mwenyewe, au amempa kijana wa kiume mwenye kompyuta? Kadi ya kamera imefutwa? Ana nakala kwenye diski? Ataweka sehemu yake kwenye ukurasa wake ili apate wateja wengine? Nenda kwake wiki hii, pamoja na binti yako, mchukue kazi yote, mwone nakala zikifutwa, na mwandikiane karatasi fupi ya kwamba hatatumia picha hizo popote. Yeye anafanya biashara, kwa hiyo sheria ya mwaka 2019 inamfunga sawasawa na lile duka, na hatakuwa na sababu ya kuudhika. Na anayepanga kupamba anayesoma safu hii, karatasi hiyo iandikwe kabla ya kumpa malipo ya kwanza.

Kuhusu kiapo cha bwana wako: hasira yake ni ya baba, na sitaidharau. Lakini atakayeumia kwa amri hiyo ni binti wa kidato cha tatu ambaye hakumrekodi mtu, na ambaye atakosa mazoezi ya walimu wake huku wenzake wakiendelea. Pia atajifunza somo baya, kwamba nyumbani kwao wasichana huadhibiwa picha zikivuja, iwe wametenda au wametendewa. Siku akitendewa yeye, hatawaambia. Mwombe bwana wako abadilishe amri iwe mashauriano. Akae na mabinti na wavulana pia, kwa maana sijui kwa nini watoto wa kiume hawakutajwa, na wakubaliane kwamba hakuna anayempiga mtu picha bila kumuuliza, hakuna anayetuma picha ya mwingine bila kurudi kumuuliza tena, na stetasi zao zionekane na watu wachache waliowachagua. Nusu saa inatosha kubadilisha mpangilio huo katika simu zote za nyumbani, yake yeye mwenyewe ikiwamo.

Imebaki habari ya wifi yako na mtoto wake. Umeniuliza kama umshtaki, nami nimekujibu; lakini kutomshtaki si kumwachia. Usikate mguu, dada yangu, maana ukiukata, wifi yako atalazimika kumtetea mwanawe, na hapo mtoto hatawajibika kwa lolote. Nenda kwake, na ikiwezekana bwana wako afuatane nawe, kwa kuwa huyu ni dada yake na neno la kaka lina nafasi yake. Mweleze hali ya binti yako kama ilivyo: kwamba hatoki, kwamba hali chakula mpaka abembelezwe, kwamba ndoa yake ingali changa na tayari ina doa ambalo hakulitia yeye. Sidhani kama ameambiwa hayo. Mwenye kusema "msiyakuze" mara nyingi hajaona ukubwa wake.

Kisha mtoto apewe kazi. Aorodheshe wote anaowakumbuka kwamba waliiona stetasi ile au aliwatumia video, amwandikie kila mmoja kwa jina lake, akiri kwamba alirekodi bila ruhusa, na aombe ifutwe. Ni kazi ya kuchosha na ya fedheha, na mama yake asimfanyie. Asiandike tangazo la jumla kwenye stetasi, maana hilo litawafikia hata wasioiona. Majibu atakayopata ayaonyeshe kwenu, ili ijulikane ni nani bado anayo. Baada ya hapo aje kwa binamu yake aombe radhi uso kwa uso, wewe na mama yake mkiwapo. Mumuulize bibi arusi kwanza kama yuko tayari kumpokea, na akisema bado, msimharakishe na msimwambie damu nzito kuliko maji. Radhi hiyo ni yake kutoa, si yako wala ya wifi yako.